Moja, Mbili, Nne, Halafu?

Swali la "namba inayofuata" halikosekani kwenye karatasi ya Hisabati ya shule ya msingi. Unapewa namba tatu au nne kwa mpangilio, mwishoni pana kistari, nawe ujaze. Mtoto aliyezoea hulimaliza upesi akahamia swali jingine. Mimi ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo pia linaloniudhi, kwa sababu linaulizwa kana kwamba jibu limo ndani ya zile namba zenyewe. Halimo.

Chukua 1, 2, 4. Inafuata ngapi?

Nane, utasema, na wengi watasema hivyo hivyo: kila namba imezidishwa kwa mbili. Binti mmoja wa darasa la sita hapa mtaani aliandika 7, akapata kosa. Akaja na daftari lake dukani. Mimi nauza vifaa vya uvuvi karibu na mwalo wa Kirumba, bandari ya wavuvi hapa Mwanza: nyavu, kamba, maboya, taa za sola. Sikusomea ualimu, ila watoto wa majirani wamekwisha kujua kwamba hesabu naipenda, kwa hiyo jioni wateja wakipungua, benchi la nje hugeuka darasa. Shikamoo mjomba, marahaba, kisha moja kwa moja kwenye hoja: "Nimeongeza moja, nimepata mbili. Nimeongeza mbili, nimepata nne. Nikaongeza tatu. Kwa nini si saba?"

Sikuona kwa nini isiwe saba. Tukaagiza chapati kwa mama lishe wa jirani.

Chapati isiyokatwa ni kipande kimoja. Ipitishie kisu mara moja, vinakuwa viwili. Mara ya pili, ukiuvuka ule mkato wa kwanza, vinne. Mara ya tatu watu wengi hupitisha kisu palepale katikati mikato miwili ilipokutana, wanapata sita na wanaridhika. Sogeza kisu pembeni kidogo, mkato wa tatu uvuke wa kwanza mahali pamoja na wa pili mahali pengine, na hapo katikati patabaki kipande kidogo cha pembetatu. Hesabu vyote: saba. Mkato wa nne, ukiivuka mitatu yote mahali tofauti, unafikisha kumi na moja. Wa tano, kumi na sita. Sababu unaiona kwa macho: kila kisu kinapovuka mkato wa zamani kinaingia kwenye kipande kingine na kukigawa, kwa hiyo mkato wa tatu unapita kwenye vipande vitatu, wa nne kwenye vinne, wa tano kwenye vitano. 1, 2, 4, 7, 11, 16. Yule binti alikuwa ameandika mfuatano halali kabisa, isipokuwa hakuwa na chapati ya kujitetea nayo.

Halafu kuna 5. Orodhesha namba zote zinazogawa 20 bila kubakisha kitu: 1, 2, 4, 5, 10, 20. Mtoto aliyetoka kujifunza vigawo akiandika 5, utamwambia nini? Na si hizo tu. Kwa aljebra ya sekondari mtu anaweza kutunga kanuni itakayoanza na 1, 2, 4 kisha ikaendelea na namba yoyote utakayomtajia, hata 100. Kwa hiyo "inafuata ngapi" ni swali nusu. Nusu yake nyingine ni "hizi namba zinahesabu nini?" Ugomvi wangu ni huo mmoja tu, na nitaurudia tena na tena humu, mnivumilie.

Sisemi kwamba kutafuta namba inayofuata hakuna ufundi. Upo, na chombo chake cha kwanza ni tofauti. Andika namba zako kwenye mstari, chini yake andika kila moja imeizidi ya nyuma yake kwa ngapi. 5, 8, 11, 14 zinatoa 3, 3, 3. Hapo umemaliza, na ukitaka namba ya 50 huhitaji kuziandika zote hamsini. Kutoka ya kwanza hadi ya hamsini kuna hatua 49, siyo 50. Arobaini na tisa mara tatu ni 147, jumlisha 5 ya kuanzia, unapata 152. Hiyo 49 huwaangusha watoto, na watu wazima wengi pia. Fundi wa uzio hawezi kuikosea: nguzo 50 zilizosimama kwenye mstari mmoja zina nafasi 49 kati yake. Kidato cha tatu mada hii inarudi kwa Kiingereza, na herufi zake A, d na n (namba ya kwanza, tofauti, na idadi ya namba), na mwanafunzi anakariri "n kutoa moja" miaka yote bila mtu kumwambia kwamba zile ni nafasi kati ya nguzo.

Tofauti zisipolingana, zitafutie nazo tofauti zao. 2, 5, 10, 17 zinatoa 3, 5, 7. Hizi nazo zinatoa 2, 2. Basi mstari wa 3, 5, 7 unaendelea na 9, na juu inakuja 26. Jibu limepatikana, alama imepatikana. Lakini hizo namba zimetoka wapi?

Hapa huwa natoa vizibo vya soda, ninavyo kopo zima. Weka kizibo kimoja mezani. Ongeza vitatu kwa umbo la kona, kimoja kulia, kimoja chini, kimoja pembeni kabisa, upate mraba wa mbili kwa mbili. Ongeza vitano kwa umbo lile lile, mraba wa tatu kwa tatu. Ongeza saba, nne kwa nne. Kila kona mpya inaizidi ya nyuma kwa vizibo viwili, kimoja kila ncha, ndiyo maana namba witiri zikijumlishwa kwa zamu hujenga miraba: 1, 4, 9, 16, 25. Mfuatano wa swali letu ni miraba hiyo hiyo, kila mmoja umepewa kizibo kimoja cha ziada. Mtoto akishaviona vizibo, namba ya 100 haimsumbui: 100 kwa 100 ni 10,000, na kile kimoja, 10,001. Aliyetumia tofauti peke yake bado yuko kwenye namba ya kumi na mbili, kalamu inamwishia wino.

Sokoni kuna mfano mzuri zaidi, na kila mtu ameuona ingawa hakuuita hesabu. Fungu dogo la nyanya hupangwa tatu chini, moja juu: nyanya nne. Fungu kubwa la pembetatu lina sita chini, tatu juu yake, moja kileleni: kumi. Ukitaka kulipandisha tena, chini utatanguliza kumi, jumla 20. Tena, kumi na tano chini, jumla 35. Sasa iandike: 1, 4, 10, 20, 35. Tofauti zake ni 3, 6, 10, 15, yaani zile sakafu zenyewe. Tofauti za hizo ni 3, 4, 5, yaani zile safu za pembeni. Tofauti za hizo ni 1, 1. Namba zimetulia kwenye mstari wa tatu.

Hili lilinichukua muda kulielewa, na tangu nilielewe sijaacha kuwaambia watu. Uzio, ambao ni urefu tu, hutulia kwenye mstari wa kwanza wa tofauti. Mraba wa vizibo, ambao una urefu na upana, hutulia kwenye mstari wa pili. Rundo la nyanya, lenye urefu, upana na kimo, hutulia kwenye mstari wa tatu. Tofauti zinakuambia kitu chenyewe kina umbo gani kabla hujakiona. Ukikutana na mfuatano kwenye mtihani ukatulia mstari wa tatu, anza kuwaza rundo au sanduku.

Tukitoka kwenye kupanga twende kwenye kujumlisha. Kila Desemba simu hujaa ule mpango wa akiba wa wiki 52: wiki ya kwanza unaweka shilingi 1,000, ya pili 2,000, ya tatu 3,000, hadi ya mwisho 52,000. Chini kuna jumla, na watu hubishana kama ni ya kweli. Ni ya kweli. Chukua wiki ya kwanza na ya mwisho: 1,000 na 52,000 ni 53,000. Ya pili na ya 51: 53,000. Ya tatu na ya 50: 53,000. Kila ukiingia ndani hatua moja, upande mmoja unapanda kwa elfu na mwingine unashuka kwa elfu. Kuna jozi 26. Ishirini na sita mara 53,000 ni shilingi 1,378,000. Inasimuliwa kwamba Mjerumani Carl Friedrich Gauss, aliyezaliwa mwaka 1777, alijumlisha 1 hadi 100 kwa njia hii akiwa bado mtoto darasani, akatoa 5,050 wenzake wakiwa bado wanahangaika.

Lakini angalia mpango wenyewe unakudai nini. Wiki nne za mwisho, 49,000 na 50,000 na 51,000 na 52,000, ni shilingi 202,000 ndani ya Desemba, mwezi wa nauli za kwenda kwao na nguo za sikukuu. Wajanja wanasema ugeuze, uanze na 52,000 Januari ushuke. Jumla haibadiliki, kweli, kujumlisha hakujali kipi kimetangulia. Ila Januari ni ada na sare za shule, kwa hiyo umehamisha mzigo kutoka begani ukautia kichwani. Mimi ningegawa tu 1,378,000 kwa 52. Ni 26,500 kila wiki, mwaka mzima, bila kupanda wala kushuka. Hiyo 26,500 ni nusu ya 53,000, yaani nusu ya jozi. Na kama 26,500 kwa wiki huna, na wengi wetu hatuna, basi na ule mpango usingeufikisha mwisho. Ulionekana mwepesi kwa sababu ulianza na elfu moja.

Mfuatano wa kuzidisha una tabia nyingine kabisa. Jaribu kuutafutia tofauti: 1, 2, 4, 8, 16 zinatoa 1, 2, 4, 8, hizo zinatoa 1, 2, 4. Unachimba na kuchimba, unaukuta ni ule ule. Hautulii kamwe. Ongezeko lake linatokana na ukubwa wake wenyewe, ndiyo maana hata ukiujua tangu ungali mdogo bado utakushangaza ukikua.

Sisi wa ziwani tulifundishwa somo hilo na gugu maji. Kwenye joto na maji yenye rutuba, gugu hilo linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, na miaka ya 1990 liliziba ghuba na bandari kuzunguka Ziwa Victoria mpaka ikabidi waletwe wadudu wa kulila. Tuseme ghuba fulani inajaa wiki ya 20, na gugu linajizidisha mara mbili kila wiki mbili. Lilikuwa nusu ya ghuba lini? Watoto karibu wote husema wiki ya 10. Ni wiki ya 18. Wiki ya 16 lilikuwa robo. Wiki ya 10, nusu ya muda wote imekwisha kupita, lilikuwa sehemu moja ya 32 tu. Mvuvi anapita na mtumbwi wake, anaona vijani vichache ukingoni, anaendelea na safari. Bila shaka gugu la kweli halifuati hesabu hii hadi mwisho, maana ghuba ina kingo na upepo huyasogeza. Namba hazijui habari za kingo. Hilo nalo ni la kukumbuka.

Kwa wanaopenda kupapasa kuliko kufikiria, bao linatosha. Bao letu lina mashimo 32. Weka punje moja ya mchele kwenye shimo la kwanza, mbili kwenye la pili, nne, nane, uendelee hivyo. Nimekadiria punje 40 kwa gramu moja. Mashimo 16 ya kwanza, upande mzima wa mchezaji mmoja, yanakula punje 65,535, ambazo ni kilo moja na nusu na ushei. Mama anaweza kukopesha. Upande wa pili ndiko kwenye balaa: ukifika shimo la 32 jumla ni punje 4,294,967,295, na kwa makadirio yale yale hizo ni tani 107. Lori moja halitoshi, wala mawili. Na jambo linalopendeza ni hili: kila shimo lina punje moja zaidi ya mashimo yote yaliyolitangulia yakikusanywa pamoja. Nane ni 1 na 2 na 4, na moja juu. Kwa hiyo shimo la 32 peke yake linayazidi yale 31 mengine yote.

Nimefika kwenye mikopo, nanyi mnajua nilikuwa naelekea huko.

Ile mikopo tunayoiita kausha damu hutangazwa kwa namba moja: riba asilimia 20 kwa mwezi. Ukikopa 100,000, baada ya mwezi unadaiwa 120,000. Hiyo ni namba ya pili ya mfuatano, na ndiyo namba pekee inayoonyeshwa mteja. Ya tatu je? Inategemea kanuni, na kanuni ziko mbili. Kama riba inahesabiwa juu ya ile laki uliyochukua tu, deni linakwenda 120,000, 140,000, 160,000, 180,000, 200,000, na mwezi wa sita ni 220,000. Kama riba inahesabiwa juu ya deni lote, pamoja na riba iliyokwisha kuongezwa, linakwenda 120,000, 144,000, 172,800, 207,360, 248,832, na mwezi wa sita ni 298,598. Acha mwaka upite. Wa kwanza anadaiwa 340,000. Wa pili anadaiwa 891,610.

Tazama mwezi wa kwanza. Zinalingana. Hata wa pili zimepishana shilingi 4,000 tu, pesa ya mboga na nauli. Mtu akitazama namba mbili za mwanzo hana namna ya kujua yuko kwenye mfuatano upi, na mkopeshaji hana haraka ya kumwambia. Mfuasi mmoja wa benchi langu, kijana mbeba mizigo mwaloni, aliwahi kuniletea karatasi ya namna hiyo kabla hajatia saini. Jina la wakopeshaji nitaliacha. Karatasi ilikuwa na kiasi cha mkopo, asilimia 20, tarehe, na sehemu ya dole gumba. Mahali pa kusema asilimia 20 ya nini palikuwa hapana. Nikamwambia arudi akaulize swali hilo hilo, asilimia ishirini ya nini, na waandike jibu. Alirudi bila mkopo, amekasirika, maana walimwambia kama anajua sana akakope kwingine.

Turudi kwenye jambo la raha. Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba za Mabatini na Igogo zimeparamia mlima, na njia ya kwenda nyumbani kwa wengi ni ngazi. Watoto wakipanda hawapandi sawasawa: mara kidato kimoja kimoja, mara wanaruka viwili. Ngazi ya vidato vitatu inapandwa kwa njia ngapi? Moja-moja-moja, moja kisha mbili, mbili kisha moja. Tatu. Ya vidato vinne ni njia tano. Ya vitano ni nane. 1, 2, 3, 5, 8, na kila namba ni jumla ya mbili zilizo nyuma yake. Kwa nini? Tazama mguu wa mwisho. Ama mtoto alifika juu kwa kupanda kidato kimoja, maana yake kabla ya hapo alikuwa kidato cha chini yake. Ama aliruka viwili, maana yake alikuwa viwili chini. Hakuna namna ya tatu. Basi njia za kufika juu ni njia za kufika kidato cha kwanza chini yake ukijumlisha na njia za kufika cha pili chini yake. Ngazi ya vidato kumi ina njia 89, na sijamwona mtoto aliyezimaliza.

Mfuatano huu hujulikana kwa jina la Fibonacci, yaani Leonardo wa Pisa, aliyeutumia mwaka 1202 kwenye fumbo la sungura wanaozaana. Wahindi walikuwa nao kabla yake: karibu mwaka 1150 msomi Hemachandra aliueleza akiwa anahesabu mpangilio wa silabi fupi na ndefu katika mashairi, fupi ikipewa kipimo kimoja na ndefu viwili. Ni ngazi ile ile. Hata sisi wa mizani, yaani silabi za ushairi wetu, tunaweza kuucheza: kipande cha shairi chenye mizani nane, ukilazimishwa kutumia maneno ya mizani moja au mbili tu, kinaweza kupangwa kwa namna 34. Malenga wetu nadhani walikuwa na kazi nyingine za kufanya.

Sasa niwaonyeshe mfuatano mkorofi. Chora duara kwa sahani iliyopinduliwa. Weka nukta kwenye ukingo, unganisha kila nukta na kila nukta kwa mistari iliyonyooka, hesabu vyumba vilivyopatikana ndani. Nukta moja, chumba kimoja. Mbili, viwili. Tatu, vinne. Nne, vinane. Tano, kumi na sita. Kufika hapo benchi zima linapiga kelele "thelathini na mbili!" Weka nukta ya sita, hakikisha mistari mitatu haikutani mahali pamoja, chora, hesabu. Ni 31. Watahesabu tena, na tena, wakimshuku mchoraji. Ni 31, na hakuna chumba kilichopotea. Kilichotokea ni kwamba vyumba hivi havikuwa vikizidishwa kwa mbili hata siku moja. Vilikuwa vikiongezwa kwa mistari na kwa makutano ya mistari, na kwa hatua tano hesabu hiyo ikaafikiana na ya kuzidisha. Namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, zina mkasa mkubwa zaidi. Chukua namba, izidishe kwa yenyewe, ijumlishe yenyewe, ongeza 41. Ukianza na sifuri unapata 41, 43, 47, 53, 61, zote tasa, na zitaendelea kuwa tasa mara 40 mfululizo. Ya arobaini na moja ni 1,681, ambayo ni 41 mara 41. Leonhard Euler aliandika juu ya kanuni ya aina hii mwaka 1772. Mara arobaini!

Huko nje ya daftari ndiko nilikojifunza mengi kuliko darasani, kwa sababu ya dagaa. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inapandishwa, watu wanashona nyavu na kulala. Kwa hiyo na taa zangu huuzika kwa mawimbi, na mtu mwenye duka kama langu lazima ajue giza lijalo linaanza lini ili betri zisikae rafuni bure. Mwanzoni utadhani ni mfuatano rahisi kuliko wote: ongeza siku 30. Ukifanya hivyo, baada ya miezi michache unajikuta umechelewa. Ongeza 29, unawahi. Mwezi huchukua wastani wa siku 29.53 hivi kutoka mwandamo hadi mwandamo, kwa hiyo kalenda za mwezi hupishanisha: 30, 29, 30, 29. Miezi 12 inakuwa siku 354. Ila 29.53 mara 12 inazidi 354 kidogo, kwa sehemu kama 0.37 ya siku, na sehemu hizo zikirundikana kwa miaka 30 zinafika siku 11. Ndiyo maana kalenda ya Kiislamu ya kukokotoa huipa miaka 11 kati ya kila 30 siku moja ya ziada. Na angani penyewe hakuna kupishana kwa utaratibu huo. Miezi miwili ya siku 30 inaweza kufuatana, na ndiyo sababu watu bado wanatoka nje kuutazama.

Mwaka wa mwezi ukiuweka kando ya mwaka wa jua wa siku 365 na robo hivi, unapungua kwa karibu siku 11, na hapo unapata mfuatano wa kutoa ambao kila Mtanzania anaujua kwa tumbo. Ramadhani ya 2026 huanza karibu na tarehe 18 au 19 Februari. Toa siku kumi, kumi na moja au kumi na mbili kila mwaka: 2027 ni karibu na tarehe 8 Februari, 2028 karibu na 28 Januari, 2029 karibu na 16 Januari, 2030 karibu na 5 Januari. Toa tena, utavuka kurudi nyuma ya mwaka mpya, uangukie karibu na tarehe 26 Desemba ya mwaka huo huo wa 2030. Ramadhani mbili ndani ya mwaka mmoja. Na kwa kuwa mwezi mwandamo ndio giza la dagaa, Krismasi ya 2030 itawakuta wavuvi wangu kazini, mitumbwi yote majini. Taa nitakuwa nimekwisha kuagiza tangu Novemba.